Mpunga Kitandani, Watoto Chini

Kila asubuhi kabla ya shule, Candide alikunja mkeka, akafagia chumba, kisha akakitupia kitanda jicho la wivu. Kitandani yalilala magunia saba ya mpunga. Kule kijijini Bwegera, wakati wa mavuno, ndivyo mambo yalivyo: mpunga ukikaa chini unashika unyevu, na mnunuzi anaukataa. Basi mpunga unapewa kitanda, watoto wanapewa sakafu. Candide na mdogo wake Chance walilala chini, wamejibana kwenye ukuta wa udongo uliojaa nyufa.

Candide alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alitaka sekondari kuliko kitu chochote. Lakini homa, jamani, homa ilimganda! Siku tatu mwili moto, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Kisha inaondoka yenyewe. Wiki nzima anaruka na wenzake, halafu inarudi tena, haina hata aibu.

Mara ya tatu iliangukia siku ya interro, yaani jaribio la hesabu. Aliporudi darasani, Jeancy, jirani yake wa dawati, alikuwa anamsubiri.

"Weye iko na homa ya hesabu! Interro ikikuja, nayo inakuja!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Frédéric hakucheka, lakini maneno yake yaliuma zaidi. "Candide, umekosa majaribio matatu. Ukikosa tena, jina lako nitalitoa kwenye orodha ya mtihani."

Nani angemwamini? Alikuwa amesimama pale mbele yao, mzima kabisa. Alikaa chini kwa hasira.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yake, Honorine, alikuwa amempa vidonge vya malaria alivyopewa na jirani. Jumamosi, siku asiyokwenda shambani, alimpeleka kituo cha afya. Homa ilikuwa imeshashuka, na vipimo havikuonyesha kitu.

"Minye nimechoka," mama alisema njiani. "Kama unaogopa mtihani, sema tu."

"Mama, sidanganyi!" Candide alilia. "Mbona hakuna anayenisikia?"

Alipofika nyumbani alifungua daftari la hesabu ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe za kila homa, ilipoanza na ilipoisha. Siku tatu moto, siku saba hakuna. Siku tatu moto, siku saba hakuna.

"Itarudi Jumatano," akamwambia mama. Mama akaguna tu.

Jumatano ikafika, na homa ikafika. Mama alilitazama daftari, akamtazama mtoto anayetetemeka, akauacha mpunga aliouanika uani na kusimamisha pikipiki ya kukodi.

Kituoni, muuguzi Sharifa alisoma ule ukurasa mara mbili, akachukua damu palepale. Malaria hakuna. Lakini kwenye hadubini aliona vijidudu vyembamba, vimejisokota.

"Mtoto analala wapi?"

"Chini, Mama Sharifa. Mpunga uko kitandani."

"Ndiyo hiyo! Hii ni homa ya papasi. Papasi ni ndugu yake kupe. Mchana anajificha kwenye nyufa, usiku anatoka kunyonya damu, na kuuma kwake husikii. Vijidudu anavyoleta vinaonekana homa ikiwa juu. Mkija mtoto amepoa, tutaona nini?" Akawapa dawa. "Vidonge vya jirani, acheni. Zibeni nyufa, nyunyizeni dawa ya wadudu, watoto walale juu, mbali na ukuta."

Nyumbani mama alichokoa ufa kwa kijiti. Papasi wanne wakaanguka, rangi ya udongo wenyewe. "Yesu wangu!" Alikamata gunia la kwanza, akaliburuta kutoka kitandani hadi juu ya matofali sebuleni.

Jumatatu, Candide alirudi shuleni na karatasi ya muuguzi na lile daftari. Mwalimu Frédéric alisoma vyote viwili, kisha akageukia darasa.

"Nani kwao analala chini, karibu na ukuta wa udongo?"

Mikono ishirini na tatu ikainuka. Wa Jeancy uliinuka wa mwisho, polepole.

"Candide, jina lako linabaki, na majaribio utayafanya upya. Nisamehe," mwalimu alisema. "Na ninyi, sikieni. Mtu akisema anaumwa, msimcheke. Muulizeni inaanza lini, inaisha lini, na analala wapi. Leo jioni hakuna kazi ya hesabu. Nendeni mkakande udongo, mzibe nyufa."