Mlinzi wa Kiti cha Pili

Kila asubuhi Ayikoru alikikuta kiti chake cha garini kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli.

Ayikoru ni mwanamke mfupi. Kiti kikivutwa mbele kabisa bado hulalamika kwamba haoni barabara. Gari lenyewe lilikuwa la watu wawili tu, yeye na mumewe Nasuru, na ufunguo ulilala chini ya mto wa Nasuru. Kwa hiyo siku ya kwanza akamgeukia mume.

"Umebeba nani jana?"

"Nibebe nani? Gari imelala hapa."

"Basi huyo mwenye hukubeba iko na miguu ndefu sana."

Nasuru akacheka, akakirudisha kiti mbele. Siku ya pili akacheka kidogo. Siku ya nne hakucheka, kwa sababu alipokigusa kiti saa moja asubuhi, katika baridi ile ya Arua baada ya mvua, kilikuwa na joto la mahali ambapo mtu ametoka kunyanyuka sasa hivi.

Inabidi nilieleze gari hilo, maana msipolielewa mtamwona Nasuru mjinga, na katika mambo ya magari mjinga ni mimi, niliyeendesha katika nchi saba na kuvutwa kwa kamba katika sita. Lilikuwa gari dogo la Kiitaliano, jekundu, fupi kiasi kwamba mbuzi mrefu angeona juu ya paa lake. Taa zake zililala ndani ya boneti, zikiamka zinapohitajika, kama macho. Nasuru, mtu wa Koboko aliyekuwa dereva jeshini, alilipata mwaka 1978 kwa Mtaliano wa mambo ya tumbaku aliyekuwa anarudi kwao. Alitoa pikipiki na ng'ombe wawili, na mji mzima ukamcheka. Wakubwa walikuwa na Benzi na Pijo. Hiki kijisanduku kilikuwa nini? Candia, fundi wa gereji karibu na soko, alifungua boneti akakuta gurudumu la akiba, basi.

"Ndugu yangu, wamekuibia. Hii gari iko bila injini."

"Injini iko katikati. Iko nyuma ya mgongo yangu."

"Kama mtoto ya kubebwa?"

"Kama mtoto ya kubebwa."

Candia alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Lakini hapo ndipo ilipokuwa siri yote. Mama aliyefunga mtoto mgongoni akageuka ghafla kwenye njia nyembamba hayumbi, maana uzito uko naye, haumvuti mbele wala nyuma. Gari hilo lilikata kona hivyo hivyo. Kwenye barabara ya murram, ule udongo mwekundu, kuelekea Koboko, Benzi za wakubwa zilipoteleza na kuonyesha makalio, kijisanduku cha Nasuru kiliingia kwenye kona kama kilichokuwa kimeshaifikiria tangu jana. Naye alikuwa peke yake duniani anayejua. Kupenda kitu kizuri ambacho wote wanakidharau kuna utamu wake, utamu kama wa kula ukiwa umejifungia chumbani, na Nasuru alikuwa ameuzoea.

Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, familia za jeshi zikaanza kuvuka mpaka. Watu walifukia sufuria, cherehani, hata mabati. Gari halifukiki, na petroli haikuwepo. Nasuru na Ayikoru walilisukuma mpaka kijiji cha Manibe, nje ya mji, kwa baba mkwe, Mzee Andama, wakaliingiza katika banda lake la kukaushia tumbaku. Nasuru akalifunika turubai na kulifunga kwa fundo la madereva wa jeshi, lile linalozidi kukaza likivutwa. Kisha akafanya jambo ambalo marehemu baba yake alimzoesha: katika familia yao, mtu hakuacha mali mahali patupu bila kusema na mwenye mahali. Aliweka kiganja ukutani, risasi zikilia mbali, akasema haraka haraka:

"Wewe mwenye hapa, nakuachia amana. Nilindie. Mungu akinirudisha, kila nitakachokuwa nacho tutagawana nusu kwa nusu."

Wakakimbilia Zaire, wakakaa huko miaka tisa.

Waliporudi mwaka 1988, Manibe haikuwa na mlango hata mmoja uliobaki na bawaba zake. Banda la tumbaku lilisimama. Ndani, gari lilikuwa chini ya turubai, na matairi, baada ya miaka tisa, yalijaa upepo.

"Watu walikuja hapa na shoka," Mzee Andama alimwambia. "Wakarudi mbio. Walisema iko mutu ndani, anakohoa."

"Anakohoa namna gani, baba?"

"Kama mlinzi. Ile ya kukuambia ya kwamba yeye iko macho."

Nasuru alitabasamu kwa heshima. Aliona pia kwamba fundo lake limefunguliwa na kufungwa upya, safari hii na mtu wa mkono wa kushoto, lakini hamu ilikuwa imemjaa kichwani. Akatia betri mpya na petroli, akawasha, akaondoka. Hakusema asante, wala hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe aliahidi kitu.

Wasimuliaji wengi hupenda majini ya saa nane usiku. Hili lilifanya kazi mchana, saa za ofisi. Kwanza kile kiti cha Ayikoru. Kisha harufu ya tumbaku mbichi inayokaushwa kwa moto, ambayo Ayikoru aliisugua kwa sabuni na ndimu na ikarudi kabla kitambaa hakijakauka. Kisha mkanda wa kiti hicho cha pili: Nasuru akiendesha peke yake, alisikia "tak", akatazama, akaukuta umefungwa, umekaza mbele ya hewa kwa unene wa kifua cha mtu. Siku moja gari likiwa limeegeshwa juani mbele ya gereji, taa ya upande wa kiti hicho iliamka peke yake, ikamtazama Candia, ikalala. Candia, aliyeishi kwa mzaha, aliacha kulitania gari hilo.

"Uza hii kitu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nani?"

"Kwa mutu mwenye hupendi."

Nasuru hakuuza. Ayikoru alikuwa na mimba ya miezi minane, mapacha, kama alivyosema shangazi yake Nasuru, Mariam Poni, mkunga wa Koboko ambaye alisikiliza tumbo kwa sikio lake mwenyewe na hakuwahi kukosea. Angejifungulia kwake, naye Nasuru alijiambia kwamba hakuna gari litakalomfikisha mkewe Koboko kwa ulaini kama hilo.

Waliondoka asubuhi yenye mawingu. Walipoipita Manibe mvua ikaanza.

"Nasuru. Usisimame. Endelea tu."

"Iko nini?"

"Mimi siko juu ya kiti." Alikuwa anatazama mbele, midomo haitikisiki. "Niko juu ya magoti ya mutu."

Nasuru akatazama, na akaona kwamba kichwa cha mkewe mfupi kilikuwa karibu kugusa paa, kwamba mkanda ulikuwa umewazunguka yeye na kitu kingine nyuma yake, kwamba kitambaa cha gauni juu ya tumbo kilikuwa kimebonyea alama tano za vidole virefu ambavyo havikuonekana, na vidole hivyo vilikuwa vinagonga polepole, upande mmoja mara moja, upande wa pili mara mbili, kisha tena mara moja, kisha tena mara mbili, kama mtu anayehesabu mali yake bila haraka kwa sababu anajua haiendi popote.

Walipofika kwa Mariam Poni uchungu ulikuwa umeshaanza.

Yule mama mzee alimlaza Ayikoru kwanza. Kisha akachukua chetezo, akatia ubani, akaingia garini akakaa kiti cha dereva, akisoma dua. Nasuru alisimama kwenye mvua akitazama moshi. Ulipanda, ukapinda, ukaingia nyuma ya viti, mahali pa injini, ukatoka, ukaingia tena. Kulikuwa na kitu kinauvuta kama pumzi. Mariam Poni aliposhuka, aliufunga mlango wa gari polepole.

"Mtoto ya ndugu yangu, ulisema nini katika ile banda?"

Akamwambia. Alipofika kwenye "nusu kwa nusu," aliligeukia gari.

"Mgeni mimi naweza kufukuza," alisema Mariam Poni. "Huyu si mgeni. Wewe ulimpa kazi, akaifanya miaka tisa, hukuibiwa hata msumari. Sasa anataka haki yake. Viti viwili, amechukua moja. Watoto wawili..." Akatazama nyumba alimolala Ayikoru. "Wa kwanza akizaliwa ni wako. Wa pili atamchukua."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Rudisha gari pale pale. Funga na mkono yako. Sema: yote ni yako, tumemalizana. Halafu toka, funga mdomo. Ukimwomba kitu tena, hata kidogo, umemwajiri upya. Nenda. Mimi nitamchelewesha huyu wa pili kadiri naweza."

Kutoka ndani Ayikoru alisema, si kwa nguvu, "Nasuru, kimbia."

Akaendesha kuelekea Manibe na mkanda ule ukiwa umefungwa pembeni yake na kikohozi kikitoka nyuma ya shingo yake kati ya kiti na injini, na mvua ikakatika na barabara ikang'aa nyekundu mbele yake, na gari, Mungu amsamehe, halikuwahi kwenda vile, kila kona lilijikunja na kufunguka kama maji, usukani ukimjibu kabla hajauliza, injini ikiimba katikati ya mgongo wake mpaka hakujua wapi anaishia yeye na wapi linaanzia gari, na hapo kwenye kona ndefu, huku mkewe akiuma kanga huko Koboko, likamjia wazo dogo, chafu, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mtoto mmoja bado ni mtoto, kwamba watu wengi wana mmoja na wanamshukuru Mungu, na mara alipolifikiria mkanda wa kiti cha pili ukalegea kidogo, kama mtu aliyesikia habari njema akaegemea vizuri.

Nasuru akapiga kelele ya mnyama na kukanyaga mafuta.

Alifika. Mzee Andama alimwona akipita, akaona pia kivuli cha pili kwenye dirisha, akarudi ndani ya nyumba yake. Nasuru aliingiza gari bandani, akavuta turubai, akafunga fundo kwa vidole vinavyoteleza. Akaweka kiganja ukutani.

"Yote ni yako. Tumemalizana."

Harufu ya tumbaku ikakatika, kama mlango uliofungwa. Kimya. Alikuwa huru. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje aliporudi nyuma, hatua mbili tu, akaweka mkono juu ya paa kupitia turubai. Bati lilikuwa bado na joto. Hakuna mtu mwingine duniani angelijua lile gari. Maneno yalimtoka kama yanavyomtoka yeyote anayeacha mpenzi wake kituoni.

"Itunze vizuri," alinong'ona.

Alisimama pale muda mrefu akijaribu kuamini kwamba hakusema.

Aliporudi Koboko kwa lori la mihogo, watoto walikuwa wawili, wazima, wanalia kwa zamu. Msichana aliitwa Keji, mvulana aliyemfuata aliitwa Jada. Mariam Poni alimuuliza mara moja tu.

"Ulisema kama nilivyokuambia?"

"Nilisema, shangazi."

"Na hukuongeza?"

"Sikuongeza."

Siku ya arobaini Ayikoru alikuwa anawatoa watoto nje kwa mara ya kwanza, adhuhuri, jua kali, uwanja umejaa jamaa na wali. Keji alitangulia, amebebwa na Mariam Poni. Jada aliachwa amelala kwenye mkeka ndani, juu ya kanga iliyotandazwa. Ayikoru aliporudi kumchukua alimkuta amefungwa ndani ya ile kanga, vizuri, kwa uangalifu, kama mtoto ya kubebwa.

"Nasuru, wewe umefunga Jada?"

Nasuru akaingia, akachuchumaa. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama kitu juu kidogo ya bega la baba yake. Mkeka ulinukia tumbaku. Fundo lilikuwa la madereva wa jeshi, limefungwa kwa mkono wa kushoto, na alipolivuta lilizidi kukaza.

"Ni mimi," alimwambia mkewe.

Na nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, mtu akakohoa, mara moja, kwa adabu, kama mlinzi anayemjulisha mwenye mali kwamba yuko kazini.