Mafuta ya Cherehani

Jengo lile la maduka lilikuwa na ngazi moja tu, nyembamba, na jioni watu walikuwa wakisukumana humo. Ndipo mshonaji wa ghorofa ya tatu, akishuka na gauni la bibi harusi kifuani na pini zimechomekwa kwenye ukosi wake, alipompamia kinyozi wa chini.

"Dada, umenidunga."

"Pole, kaka. Nikudunge na upande wa pili ulingane?"

Kinyozi alicheka mpaka akasahau alikuwa anapanda kwenda wapi. Tangu siku hiyo yeye akawa Wembe, mshonaji akawa Sindano, na mapenzi yakanoga.

Sasa sikilizeni mambo ya mjuaji. Wembe alikuwa na gemu ya mkononi, wateja wakiichezea huku wanangoja zamu. Vitufe vyake vikaanza kunata. Siku moja Wembe alitoka kwenda kununua shampuu, Sindano akabaki kulinda duka, akaona amfurahishe mpenzi wake. Cherehani yake huifungua mwenyewe na kuitia mafuta mwenyewe, haijawahi kupelekwa kwa fundi. Basi akachukua bisibisi, akaifungua gemu, akadondoshea kila kitufe mafuta ya cherehani, akaifunga. Skrubu zote zilirudi. Akawasha: kimya. Akachomeka chaja: kioo cheusi tii. Akairudisha kwenye droo, akafuta vidole kwenye sketi.

Angesema jioni ile ile yangekwisha. Lakini Wembe alipoikuta imekufa, alimgeukia mdogo wake wa kike, aliyewaosha wateja vichwa pale dukani na kuicheza gemu ile bila simile.

"Umeiangusha."

"Sijaiangusha, kaka."

"Na uongo juu. Kila unachoshika kinakufia mkononi."

Sindano alikuwa amesimama pale pale, ndani ya gauni lake la maua lililopigwa pasi. Alifungua mdomo, ukajifunga wenyewe. Binti akavua aproni, akaikunja taratibu, akaondoka. Kesho yake hakuja.

Aibu ikamla Sindano. Kila akikunja kitambaa aliiona aproni ile. Akawa anapita mlangoni kwa Wembe mbio, uso chini, na simu anaziacha zilie. Mwishowe akapokea moja.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Wembe wangu. Kazi zimenibana."

"Kazi gani haikupi hata nafasi ya kusema haloo? Kama umepata mwingine sema, nisiendelee kunyoa ndevu bure."

"Hakuna mwingine."

"Basi ni nini?"

Alikata simu, akalia juu ya kitambaa cha mteja.

Siku chache baadaye yule mdogo mtu akapanda ghorofa ya tatu, sketi ya kijivu mkononi.

"Wifi, nipunguzie hii. Naenda kutafuta kazi kwingine." Akaketi, akatabasamu kidogo. "Na umsamehe kaka. Najua humpokelei simu kwa sababu yangu. Umenionea uchungu, wifi, na mimi nakushukuru."

Uso wa Sindano ukawaka moto mpaka masikioni. Shukrani ile ilimuuma kuliko tusi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, naye alikuwa ameficha vya kutosha.

"Ningoje hapa hapa," akasema, akashuka ngazi.

Wembe alikuwa anapiga mswaki meno ya mashine ya kunyolea.

"Gemu niliiharibu mimi," Sindano akasema. "Niliifungua nikaitia mafuta."

"Ya nywele?"

"Ya cherehani."

Wembe hakucheka. "Na ukaniacha nimtukane mdogo wangu mbele yako."

"Nilikuacha."

Akamwekea gemu mezani na bisibisi. Sindano akaifungua. Ndani kulimetameta mafuta. Wembe akachovya kibrashi kwenye spiriti ya kusafishia mashine, akafuta kitufe kimoja kimoja. Wakajaribu: kimya.

"Kuna kilichong'oka ulipofungua?"

"Waya bapa, kama utepe. Niliusukuma ukarudi."

Wakainama pamoja. Utepe ulikuwa umeingia upande, na kibanio chake kidogo kimeachwa wazi. Sindano akaunyoosha kama anavyonyoosha pindo, akaubana. Kioo kikawaka. Hakuna aliyefurahi.

"Yuko juu kwangu," Sindano akasema. "Ananishukuru."

Wembe akamshika mkono. "Basi nitamwambia niliifungua mimi. Nataka kukuoa, mpenzi. Usiingie kwetu na doa hili."

Maneno aliyoyangoja muda mrefu yalimjia pale, naye akaichukua gemu, akatangulia ngazini. Wakapanda ghorofa ya tatu.

"Mdogo wangu, nisamehe," Wembe akaanza. "Gemu niliiharibu..."

"Mimi," Sindano akamkata kauli. "Niliifungua mimi, wifi, nikaitia mafuta. Ukatukanwa nami nimesimama pale, nikanyamaza. Simu nilikuwa siipokei kwa aibu. Sikukuonea uchungu."

Binti akachukua gemu, akainusa, akaiweka juu ya cherehani. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Kaka, ulinitukana bila kuniuliza, na sasa hivi ulikuwa unanidanganya. Huyu ameniumiza kuliko wewe, lakini amesema." Akamsogezea Sindano sketi. "Nipunguzie, wifi. Kazi bado nakwenda kutafuta. Na wewe kaka, muoe. Nyumbani kwako awepo hata mmoja wa kusema kweli."

Sindano akaketi kushona. Machozi yalimdondokea kwenye pindo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.