Mlango Aliouziba Fundi

"Mchumba wangu, huo ni ukuta."

Fundi hakugeuka. Alisimama pale jikoni, mchana kweupe, pua karibu iguse plasta, mkono ukipapasa taratibu kama wa mtu anayetafuta kitasa gizani.

"Fundi!"

Akashtuka, akacheka. "Aa, nilikuwa naangalia kama rangi imekauka."

Rangi ilikauka zamani. Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa uani, na aliyeuziba tofali kwa tofali ni yeye mwenyewe, akafungua mwingine upande wa pili. Nyumba ilikuwa yao, ya kuhamia wakishaoana. Mama Panya, mchumba wake, alikuja kupima mapazia tu, mwili ukamsisimka.

Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa akitafiti kama pombe anayokunywa kijana anayebalehe inaacha alama kwenye ubongo hata akishaacha kunywa. Panya wake walinyweshwa wakiwa wadogo, kisha hawakuonja tena hata tone. Sasa wamekomaa. Ukihamisha mlango wa boksi lao, wale wasiowahi kunywa hujifunza upesi. Waliokunywa hurudi palepale pa zamani, wakakwaruza ukuta. Ukiingia chumba chao kimya, unachosikia ni hicho tu: kwaru, kwaru, kwaru.

Sasa alikuwa kama anaisikia sauti hiyo jikoni.

Alikuwa na watu wa kujitolea pia, makundi mawili: waliokunywa wakiwa vijana wadogo, na wasiowahi kabisa. Kila aliyesema hajawahi, ilikuwa sharti aulizwe ndugu aliyekua naye, maana watu huona haya. Fundi alikuwa kundi la wasiowahi. Ndugu yake hakuulizwa. Mtu anakutazama machoni, anakuita roho yangu, utamwendea dada yake kumchunguza?

Na kesho yake wafadhili walikuwa wanakuja kuamua kama utafiti upewe pesa au ufungwe.

Fundi alipotoka uani kukoroga saruji, Mama Panya akapiga simu.

"Wifi, nikuulize kitu. Kaka yako aliwahi kunywa?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Wifi?"

"Kwani hakukwambia? Alianza hata ndevu hazijaota! Tulikuwa tunamwokota mitaroni. Aliacha mama alipofariki, na hajagusa tena, hapo simsingizii."

"Na kupapasa kuta?"

Wifi akashusha sauti. "Umeshamwona? Tulipohamia nyumba hii, alikuwa anasimama mbele ya kabati, kama ndiyo mlango wa nyumba ya zamani, ananiambia nimfungulie mama, yuko nje. Na mama, wifi yangu, tulikuwa tumeshamzika."

Mama Panya alikaa juu ya ndoo ya rangi. Alipoinua macho, Fundi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Umemuuliza dada."

"Ungesema wewe, nisingemuuliza."

"Ningesema, ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa."

"Nakutazamaje?"

"Kama mmoja wa panya wako."

Ilimchoma, kwa sababu kweli alikuwa akiitazama ile mikono.

"Umenidanganya mimi, Fundi, na umeiharibu kazi yangu."

"Basi nyamaza. Nani atajua? Chukua pesa, tuoane, yaishe."

"Mungu anajua. Na mimi huo uongo nitalala nao kitanda kimoja maisha yangu yote? Siwezi."

Alibeba mapazia yake akaondoka. Jioni ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Kama ndoa haipo tena niambie, nisikae nangoja." Aliusoma, akasali, hakujibu.

Kesho yake, mbele ya wafadhili, hata hakufungua kompyuta.

"Kabla sijaanza. Mmoja wa watu wangu wasiowahi kunywa, aliwahi. Ni mchumba wangu. Sikumuuliza ndugu yake kwa sababu nampenda. Kundi lile msiliamini mpaka lihakikiwe upya."

"Unajua unachopoteza?" aliuliza bwana mmoja mwenye tai.

"Najua."

Mlango ukafunguliwa. Fundi, viatu vimejaa saruji, mlinzi nyuma yake akimvuta shati.

"Aliyedanganya ni mimi! Nihamisheni kwenye kundi la waliokunywa, mnipime mpaka mchoke."

Mama aliyewaongoza wafadhili akavua miwani, akawatazama mmoja mmoja.

"Pesa hazitoki leo. Rudia kundi hilo, na ndugu waulizwe na mtu mwingine, si wewe. Ukimaliza, nipigie nije tena. Na huyu fundi, uolewe naye, usiolewe naye, hilo halipo kwenye bajeti yetu."

Nje kwenye ngazi walisimama bila kugusana.

"Kuna lingine ulilonificha?"

Fundi akainama kufuta saruji kiatuni. "Lipo. Juzi ulipokuja kwa dada. Ulipoingia, sikukujua."

"Uliniambia, 'Karibu, dada, wenyewe wametoka.' Nilidhani utani wako!"

"Haukuwa utani. Nilikuwa namkaribisha mgeni."

Mama Panya akajitanda khanga mabegani, na jua lilikuwa linawaka.

"Uliogopa?"

"Hapana. Nilijiuliza tu, mzuri hivi, sijui kaolewa."

Mama Panya akacheka.

"Ikitokea tena, niulize kwa sauti."

"Utanijibu nini?"

"Nitakujibu nimeolewa." Alimpangusa saruji shingoni kwa ncha ya khanga. "Halafu nitakukalisha chini nikwambie na nani."