Mukwe wa Mzee Kasonde

Kampeni ilipokaribia, kile kiduka cha uchapaji karibu na soko la mtaa wa Kenya, huku kwetu Katanga, kilijaa wagombea mpaka mlangoni, kila mmoja akitaka afishi zake, zile picha za kubandika ukutani, zitoke kwanza. Syntiche, aliyefanya kazi pale, kitenge cha manjano kiunoni juu ya suruali ya jinzi, alizipokea picha zao bila huruma.

"Hii picha haifai," alimwambia kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Juu ya nini?"

"Papa, umekasirikia nani? Na hii uso, hata mama yako hatakupigia kura!"

Foleni nzima ilicheka. Kijana naye akacheka, na hapo hapo Syntiche akainua simu akampiga picha. "Voilà. Sasa unafanana na muntu."

"Mi naitwa Aristote."

"Najua. Iko imeandikwa hapa chini."

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa pia. Afishi zikaisha, yeye bado anakuja. Alikuwa mwalimu wa historia, mtoto wa mtaa wa Bel-Air. Babu yake alitoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli. Syntiche alikuwa kitinda mimba wa mzee Kasonde wa mtaa wa Ruashi, ambaye ukoo wake ulilima udongo ule kabla ya mgodi kuumeza.

Jioni simu haikulala.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Shi weye, unakula paka mikutano tu?"

"Nitakula siku utanipikia."

"Basi utakufa na njaa, mupenzi!"

Aristote alishinda, akawa mbunge wa jimbo, na hakusahau. Alipeleka wajomba zake Ruashi kubisha mlango, na posa mkononi. Mzee Kasonde, mtu asiyepoteza maneno, alimshika mkono mbele ya wote.

"Tangu leo weye njo mukwe yangu. Siku nitakufa, utalala hapa pa mukeka na bakwe benzako."

Watu walicheka. Mzee hakucheka.

Baada ya hapo ukaja uwaziri. Aristote akapewa barabara za jimbo zima, na pamoja nazo gari jeusi, suti za buluu, askari na watu wa protokali. Simu zikawa fupi, za katikati ya mikutano: "Chérie, niko mu réunion." Pale dukani Chancelvie, rafiki yake Syntiche, alimpigia vigelegele: "Mama ministre, usitusahau!" Syntiche alifurahi, nisiseme uongo. Lakini alianza kuangalia simu mara nyingi kuliko ilivyolia.

Mvua zilipoanza, presha ikamwangusha mzee Kasonde, na hakuamka tena. Hema la kilio likafungwa barabarani mbele ya nyumba. Wakwe wawili, waume wa dada zake Syntiche, walifika siku ile ile. Huo ndio ukwe wenyewe: kutafuta kuni, kuchota maji, kupokea wageni, kulala chini mpaka mazishi. Mkeka wa tatu ukabaki wazi.

Aristote alifika siku iliyofuata, adhuhuri, na magari manne na kamera ya televisheni. Mtu wa protokali alikuwa amekwisha kupanga viti vyenye vitambaa vyeupe. Mjomba Doudou, kaka wa mama yake Syntiche, alisimama akamwonyesha mkeka, pale wakwe walipokaa miguu mitupu. Syntiche, katikati ya wanawake, aliacha kulia ili aone.

Aristote aliutazama mkeka, akaitazama kamera. Akakaa kwenye kiti.

"Niko hapa kwa jina la serikali ya jimbo," alisema. Alimsifu marehemu kama raia mwema. Neno baba mkwe hakulitaja. Akaacha jeneza la thamani, akaondoka. Ee Mungu, ni aibu gani ile!

"Mukwe yetu iko wapi?" shangazi Kapya alimuuliza Syntiche. "Mi naona paka Excellence tu."

Jioni simu ililia.

"Chérie, nisikilize. Bakubwa bangu bote balikuwa pale. Ministre kukaa chini mbele ya kamera, bangenicheka."

"Bashemeji yangu banakaa chini. Moja iko docteur."

"Nitakuya kesho."

"Tunazika kesho kutwa, Aristote. Sitaki gari, sitaki jeneza. Kuya paka weye mwenyewe."

"Kesho, roho yangu. Naapa."

Kesho yake alikuwa Kipushi na gavana, wakifungua daraja. Siku iliyofuata wakamzika mzee bila mkwe wake wa tatu. Baadaye mjomba Doudou alirudisha Bel-Air vyote vilivyoletwa siku ya kubisha mlango.

"Mukwe mwenye hatukuona pa kilio, hatumujue," alisema. Mama yake Aristote alilia tu, hakubisha.

Na uwaziri wenyewe, jamani, haukudumu. Wabunge wa jimbo walimwangusha gavana, na mawaziri wakaanguka naye. Gari likarudi serikalini, protokali wakapata bwana mwingine. Aristote akaja dukani kwa miguu, amekonda.

"Nipeleke kwa papa," alisema.

Walienda makaburini pamoja. Alipiga magoti kwenye matope.

"Papa, nilikuwa mukwe yako, na nilisikia haya ya kusema vile mbele ya bantu. Unisamehe."

Syntiche alilia kwa sauti. Aristote alimshika mikono.

"Nitakuya na bajomba tena. Nitaanza upya, chérie."

"Minakupenda. Sikuacha hata siku moja."

"Basi?"

"Pa kilio, kila gari ikipunguza mwendo, nilisimama. Bamama banasema kaa, mi nasimama. Kisha tukamuzika papa, nikakaa. Mapendo ingaliko, Aristote. Kungojea njo kulikwisha."

"Mi nitangojea sasa."

Syntiche akajifunga kitenge, akatoka makaburini. Barabarani alisimamisha teksi, akapanda peke yake, na kabla haijafika mbali simu ikalia.

"Ukifika, uniambie."

"Ndiyo."

Alifika salama Ruashi. Alijua kwamba kule Bel-Air mtu ameishika simu yake, anangojea. Hakupiga. Alilia mpaka mama yake akaja kuketi naye.