Ua Lililolelewa kwa Kiu

Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Haikuwa harufu ya uozo, ambayo mtu huifuata mpaka aone panya aliyekufa, bali ya kichwa kisichooshwa juma zima, kilicholala na kofia. Kinyozi aliijua harufu hiyo, maana ndiyo kazi yake. Kilichomshangaza ni kuikuta dukani alfajiri, kabla mteja hajaketi.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: viti viwili vya kunyolea, kimoja kibovu, kioo kirefu, benchi la wanaosubiri, na dirishani, ndani ya chungu cha udongo kilichofungwa waya kwa sababu ya ufa, ua la marehemu mama mkwe wake. Wote waliliita ua, ingawa halikuwahi kuchanua. Kwa kweli lilikuwa mmea wa majani tu.

Lilikuja kwao miezi minne kabla, baada ya maziko. Ndugu walipogawana vyombo, mke wa kinyozi alichukua chungu kile, kwa kuwa ndicho kitu pekee chenye uhai alichokiacha mama yake. Lilikuwa na majani matatu, yote ya manjano, na shina lililokonda kama mguu wa kuku. Mama yake alilimwagilia kila Ijumaa maji ya kujaa kikombe kimoja kidogo cha kahawa, bila tone la ziada, na kwa miaka mingi wanawe walimcheka kwamba hakujua kulea mimea.

"Likifa hili," mke alimwambia mumewe, "nitakuwa nimemzika mama mara mbili."

Basi akalihangaikia. Alilifuta majani, akaligeuza kufuata jua, akaliwekea maganda ya mayai. Ua likazidi kunyauka. Wateja wa kwenye benchi, ambao hawaishiwi ushauri, mmoja akataja majivu, mwingine samadi. Mwalimu mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, akasema mimea hupenda kusemeshwa.

"Hata mimi napenda," alisema aliyeketi kando yake, "lakini nyumbani hakuna anayejali."

Aliyepata dawa ni kinyozi mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba nywele hurutubisha udongo, na mtaani pale hakuna aliyekuwa na nywele kumshinda. Marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa na kanuni moja: nywele za mteja huchomwa siku hiyohiyo, hazilazwi dukani. Kinyozi aliishika kanuni hiyo miaka ishirini na sita bila kuuliza sababu. Sasa akaivunja kwa kumhurumia mkewe. Akawa anazifukia nywele chunguni, kiganja kwa kiganja, na jioni anaongeza maji aliyosuuzia nyembe, yenye povu, mba na uzi mwembamba wa damu.

Baada ya juma moja likatoa jani. Baada ya majuma matatu yalikuwa kumi na moja, ya kijani kibichi, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Na kweli yalikuwa na mafuta. Mke alipoyafuta, kitambaa kilirudi na utando wa rangi ya nta ya sikioni, na chini ya jani vidole vyake vikagusa vinyweleo vifupi, vikavu, kama kidevu cha siku mbili. Alinawa mikono mara tatu. Hakumwambia mtu, kwa sababu ua lilikuwa linaishi.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, kinyozi alimnyoa binti yao wa miaka minane. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza hata akitafuna. Alizungumza tangu alipofungwa shuka shingoni mpaka alipofunguliwa, akitoa amri kama mteja mkubwa. "Baba, polepole hapo nyuma." Baba yake akacheka, akazikusanya nywele zile laini, akazifukia pamoja na za wengine.

Siku ya tatu Chiriku alipunguza maneno. Siku ya sita sauti ilikauka kabisa. Daktari alimchungulia koo, akasema ni mafua, yatapita.

Kisha mchana mmoja, duka likiwa limefungwa kwa chakula, mtoto akaanza kukohoa mezani bila kutoa sauti, akaingiza vidole viwili kinywani na kuvuta. Na kilichotoka kilikuwa unywele mweupe, mnene, wa mtu mzima, ukafuatwa na mweusi uliosokotana nao, kisha mwingine, na mwingine, kamba nzima iliyolowa ute wa njano, ikiteleza taratibu kutoka kooni huku macho ya mtoto yakiwatazama wazazi wake, mpaka ikaanguka sahanini juu ya chakula chake na kulala hapo, ikinuka kofia.

Mama yake alitapika palepale. Baba yake hakuweza hata kutapika. Kinyozi huzijua nywele za wateja wake kama mshonaji anavyoijua mishono yake, na ule mweupe alikuwa ameunyoa Jumanne kichwani kwa muuza mkaa.

Hapohapo wakasikia, kutoka dukani, sauti ya Chiriku ikicheka. Chiriku mwenyewe alikuwa mbele yao, amefumba mdomo.

Mke akampigia simu mama yake mdogo, mshona magodoro mwenye ulimi mkali, naye akafika kesho yake kabla ya saa nne, akilalamikia ngazi, jua na magoti yake. Alipoingia dukani malalamiko yakakatika. Alilitazama ua kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amelishibisha hili?"

Kinyozi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama mdogo alivyozidi kusogea mlangoni. Kisha naye akaeleza. Miaka kumi na tisa iliyopita jini lilikuwa limemganda dada yake, na mganga aliyelitoa alilifunga kwenye mmea ule. Mmea ukifa, litatoka na kutafuta mtu. Mmea ukinenepa, litanenepa nao. Kwa hiyo lisife wala lisishibe.

"Mkamcheka eti hajui kulea mmea," alisema. "Dada yangu alikuwa mlinzi wa gereza. Kile kikombe kilikuwa posho ya mfungwa."

"Mbona hakuniambia, mama mdogo?"

"Angekwambia, ungelala nyumba ile? Aliniachia mimi. Nimefika baada ya maziko, wewe umeshalibeba kama mtoto; nikaona vibaya kukunyang'anya, maadamu bado lilikuwa na njaa."

Dawa, alisema, ilikuwa moja. Lililokula nywele linyolewe, na alinyoe yule aliyelilisha, kabla jua halijapita utosini. Lakini lisitokwe na damu hata tone, kwa maana damu itakuwa ya Chiriku.

"Mama, ninyoe nini?" kinyozi aliuliza. "Hiki ni chungu cha udongo."

"Chimba, mkwe wangu."

Akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa wa kina cha kucha tu. Chini yake palikuwa na nywele, zenye joto na unyevu wa jasho, za kila rangi na kila mteja, na hazikuwa zimelala ovyo bali zilikuwa zimeota, kila mmoja na shina lake, juu ya kitu laini kilichojaa chungu kizima. Alipozipanua aliona ngozi. Ilikuwa ya kijivu, imepasuka magamba ya mba, ina vipele vyenye vichwa vya usaha, na katikati palikuwa na sehemu ndogo inayopanda na kushuka, kama utosi wa mtoto mchanga.

Kinyozi akanoa wembe kwenye ukanda, akapaka povu, akaanza. Kitu kile kilitulia, kisha kikauegemea mkono wake kama mteja aliyestarehe, na alipofika penye vipele ikabidi avikwepe kimoja kimoja, huku usaha ukivuja wenyewe na kumtiririkia mpaka kwenye kifundo, harufu ikimjaa kinywani hata akawa anaionja, mkewe akimshika Chiriku nyuma ya kiti kibovu na mama mdogo akipokea nywele kwenye ndoo bila kuzitazama, na pale wembe ulipokaribia ule utosi unaopumua, sauti ya binti yake ikatoka chini ya povu, karibu kabisa na sikio lake, ikasema, "Baba, polepole hapo nyuma."

Mkono haukutikisika. Alimaliza, akafuta, akatazama. Hapakuwa na tone la damu.

Nywele zilichomwa uani mpaka zikawa majivu. Moshi wake ulikuwa mnene na wenye mafuta, ukashika kwenye nguo zilizoanikwa. Chiriku alikunja pua.

"Mama," alisema, "kunanuka."

Mama yake alilia mpaka akakaa chini.

Mama mdogo hakulichukua ua siku ile. Lilikuwa na shibe ya nyumba ile, na likihamishwa na shibe hiyo, alisema, litaondoka na mtoto. Likae, linyauke, na yatakapobaki majani matatu atalifuata. Lisipewe chochote ila kikombe cha Ijumaa.

"Na huruma zenu ziwekeni mbali," alimwambia mkwe wake mlangoni. "Leo limekaa kama mteja. Mara ya pili litaujua mkono wako."

Likawekwa pembeni, nyuma ya kiti kibovu. Majani yakaanza kuanguka: tisa, saba, matano. Mke wa kinyozi alipima kikombe mwenyewe, akigeuzia uso pembeni. Nyumba nzima ilikuwa ikiyahesabu, na Chiriku ndiye aliyetangaza hesabu kwa sauti kila asubuhi.

Jumamosi moja alitangaza sita.

Kinyozi alidhani amekosea. Alikuwa akimnyoa mwalimu mstaafu, akageuka kuchungulia, na mwalimu akamwona kiooni akichungulia. Akatabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akitenda wema.

"Mnalionea bure ua la watu," alisema. "Mimi kila Jumamosi hulimiminia maji yanayobaki kwenye bilauri yangu. Mafunda mawili tu. Na huwa nalisemesha, maana nilikwambia tangu mwanzo kwamba mimea..."

Akasita. Akagusa ulimi kwa kidole, akavuta unywele mmoja, mrefu, mweusi, uliolowa. Kichwa chake chote kilikuwa na mvi. Aliutazama kwa mshangao, akafungua kinywa kuuliza, kikafunguka na kufumbika, kikafunguka tena, bila sauti yoyote.

"...hupenda kusemeshwa," ilimalizia sauti ya mwalimu, kutoka nyuma ya kiti kibovu.

Kinyozi alimwambia mkewe afunge mlango. Akamtoa mwalimu kitini, akakivuta chungu, akanoa wembe kwenye ukanda, upande huu na upande huu. Kisha akautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka.