Kizibo Kimoja, Ndoo Nzima

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kusugua masufuria kwa majivu, Lea alibakiwa na kazi moja: kulimwagilia ua la Bibi kikombe kimoja cha maji. Kimoja tu. Mama yake, Damari, alikuwa mkali katika jambo hilo.

"Hili si mchicha," alizoea kusema. "Ukilizamisha, linaoza."

Ua lenyewe lilikuwa dungusi. Halikuwa na miiba mikubwa kama madungusi ya kando ya njia. Majani yake yalikuwa marefu, bapa na manene, yakining'inia kutoka katika kopo la samli lililotundikwa juu kibarazani kwao, Iyunga. Karibu mwaka mzima lilionekana kama kitu kilichosahauliwa. Baridi ikipungua, lilitoa maua mekundu makubwa kama visahani vya chai, na watu waliokuwa wakienda kazini kwenye reli mpya walisimama kulitazama.

Bibi alikuwa amempa Mama ua kama hilo siku alipoolewa kule Tukuyu. Hili Mama alilikuza kutokana na kipande cha ua la Bibi, kwa ajili ya Tumpe, dada yake Lea, aliyekuwa muuguzi Iringa. Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, na bibi harusi wa ukoo wao hakuondoka bila ua lake.

Mwaka huo lilifunga vitumba kumi na kimoja. Lea aliona ni vichache.

Shuleni, Lea alikuwa darasa la sita na kiongozi wa bustani ya kabichi. Mwalimu Kalinga, mwalimu wa kilimo, alimkabidhi ufunguo wa stoo. Mbolea ya chumvichumvi ilipimwa kwa kizibo cha soda: kizibo kimoja kwa kabichi moja, mbali kidogo na shina. Lea alikuwa ameona kabichi za njano zikigeuka kijani ndani ya wiki mbili.

Jumatatu moja alifunga konzi la mbolea hiyo ndani ya leso akaenda nalo nyumbani. Hakumwomba mtu. Kabichi hupewa kizibo kimoja, aliwaza, basi ua la harusi ya dada linastahili vitatu. Alhamisi, alipoona halijabadilika, akaongeza vitatu vingine.

Jumapili kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Jumatatu vitumba vinne vilikuwa sakafuni. Jumanne vilianguka sita. Kikabaki kimoja.

Kaka yake, Jailos, alikuwa amemwona siku ile na leso yake.

"Umelitia chumvi kama mboga," alisema akicheka. "Bado pilipili."

"Nyamaza, Mama atasikia!"

"Mwambie ni baridi."

"Baridi gani Septemba hii?"

"Basi kuku."

"Kuku watafikaje juu pale?"

"Basi umebakiwa na ukweli, dada. Pole."

Jioni ile Mama aliketi kwenye kigoda, akalitazama lile kopo kwa muda mrefu.

"Labda ni mimi," alisema. "Juzi nililipangusa vumbi kwa kitambaa chenye sabuni. Mama yangu ametunza mama wa ua hili miaka thelathini. Mimi mkono wangu umeliua."

Lea akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu Kalinga alikuwa anapanga majembe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Ua letu la nyumbani limeungua."

"Kwa moto?"

"Kwa mbolea."

Mwalimu aliweka jembe chini. "Mbolea mmepata wapi?"

Lea alitoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea. "Hapa stoo, mwalimu. Niliiba."

"Kiasi gani?"

"Vizibo vitatu. Halafu vitatu tena."

"Sita! Kwenye kopo moja!" Mwalimu alishika kichwa. "Hata kabichi ingekufa. Shambani udongo ni mwingi, mizizi ina pa kukimbilia. Ndani ya kopo itakimbilia wapi? Na dungusi limezoea njaa. Unalilisha kama ng'ombe?"

Lea alikuwa analia sasa.

"Futa machozi. Adhabu ipo: wiki sita utabeba maji ya bustani, na ufunguo unabaki kwangu. Lakini ua haliwezi kungoja adhabu yako iishe. Toboeni kopo chini kwa msumari, matundu matano. Mwageni maji polepole, ndoo tatu, yapite yote yatoke na ile chumvi. Kateni palipoungua. Kisha liwekeni kivulini, msilipe maji mpaka udongo ukauke. Likianza kukua tena, kizibo kimoja cha mbolea kwa ndoo nzima ya maji, na katika ndoo hiyo ua lipate kikombe kimoja tu kwa mwezi. Wakati wa baridi, msilipe mbolea kabisa." Akanyoosha kidole. "Na kabla hujashika msumari, mwambie mama yako."

Mchana Lea alimkuta Mama akichambua maharage. Alisema yote akiwa amesimama: leso, stoo, vizibo sita.

Mama aliendelea kuchambua. Maharage yalidondoka moja moja kwenye ungo.

"Kwa hiyo si mkono wangu," alisema mwishoni.

"Si mkono wako, Mama. Ni wangu."

"Ukaniacha nikalala na hatia ambayo si yangu."

"Nisamehe, Mama."

"Lete msumari."

Ilipofika harusi walienda Iringa kwa basi, kopo likiwa mapajani mwa Lea. Ua liliishi, lakini nusu ya majani yalikuwa yamekatwa, na kile kitumba kimoja kilikuwa kimefumba kama ngumi. Mbele ya wageni shangazi mmoja aliuliza, "Hili ndilo ua lenyewe? Mbona limenyolewa?"

Watu walicheka. Mama alimtazama Lea. Lea akasimama, akaeleza kosa lake kwa sauti ya kusikika. Kisha akamwekea Tumpe kiganjani kizibo cha soda.

"Kimoja kwa ndoo nzima, dada. Usinifuate mimi."

Tumpe alimkumbatia, akakifunga kizibo kwenye pembe ya khanga yake.

Baada ya wiki mbili barua ya Tumpe ilifika Iyunga. Kitumba kilifunguka Jumanne, wageni walipokwisha kuondoka, na Tumpe alikiona akiwa peke yake na mumewe. Chini ya shina yalikuwa yanachipua majani mawili mapya.

Mama aliikunja barua.

"Umesikia?" alimwambia Lea. "Kupenda kitu si kukishindilia. Kila kiumbe kina kipimo chake, na usichokijua, uliza mwenye kujua. Cha mtu usichukue bila kuomba. Na ukiharibu, sema upesi. Ungenyamaza wiki moja zaidi, dada yako tungempelekea kopo tupu."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Maji ya bustani ya shule yanakungoja. Bado siku ngapi?"

"Mbili," alisema Lea, akachukua ndoo.