Hapana Tisa

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu kabla ya kula: kuwapa bata maji, kufagia vipande vya majani ya mtende alivyoacha mama akisuka makapu, na kuandika daftari. Mbili za kwanza nilizifanya kwa kununa. Ya tatu niliifanya kwa maringo, maana katika nyumba yetu kule Fayum mimi peke yangu ndiye niliyesoma. Baba naye hakusoma; alikuwa fundi ujenzi Kairo, akirudi Alhamisi na kuondoka Jumamosi. Mama hakupelekwa shule. Bibi yangu mzaa baba alijua kuandika jina lake tu, tena siku nyingine herufi moja ilimtoroka.

Daftari lilikuwa la kijani, na juu yake paliandikwa 41. Hiyo ilikuwa namba ya mama katika utafiti. Hospitali ya mjini ilikuwa ikiwafuatilia wajawazito wa vijiji vyetu ili ijulikane kwa nini watoto wengine huzaliwa njiti, yaani kabla ya miezi yao kutimia. Mama alikubali siku ileile alipoombwa. Miaka miwili nyuma alimzaa mdogo wangu Yasin kwa miezi saba, na Yasin hakuifikia hata jioni.

"Uko huru kujitoa siku yoyote, Mama Sundus," Nesi Inas wa hospitali hiyo alimwambia kabla hajatia dole gumba kwenye karatasi. "Wala hatakuuliza mtu kwa nini."

"Sijitoi," mama akasema. "Nataka nijue kilichomchukua mwanangu. Nisipojua mimi, basi ajue mwenzangu."

Maswali yalikuwa matatu kila siku. Je, tumbo limekaza? Je, kuna damu au maji? Je, mgongo unauma? Mama alijibu huku mikono yake ikisuka, nami niliandika Ndiyo au Hapana. Kila Jumanne Nesi Inas alikuja na bajaji, akampima mama presha na tumbo, akasoma daftari, akanisifu kwa mwandiko wangu. Kwa sifa zile nilitembea kijijini kama mkuu wa wilaya.

Bibi hakulipenda daftari hata kidogo. Kwetu mimba haitangazwi. Jirani akimuuliza mama yuko mwezi wa ngapi, mama hupunguza miwili, kwa kuogopa jicho la husuda. Na ubaya hautajwi kabisa. Mtu akitaja ugonjwa barazani, wenziwe humkemea aufunge mdomo asije akauita. Sasa Bibi alikuwa akiona tumbo la mkwewe linaandikwa kwa wino kila siku, tena na mtoto.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, siku ya Jumatano, mama aliacha kusuka, akashika kiuno. "Leo limekaza mara mbili," akasema. "Andika, mwanangu." Kisha akaenda kujilaza.

Bibi alinifuata uani, karibu na tanuri la mikate, akanishika mkono wenye kalamu. "Unaandika nini wewe?"

"Ndiyo, Bibi. Tumbo limekaza."

"Ulimi wako huo! Unamwandikia mama yako mabaya kwa mkono wako mwenyewe? Yasin naye walimsema-sema hivyohivyo, ukaona kilichotokea. Andika hapana, yapite."

"Lakini mama amesema..."

"Mama yako hajui kusoma."

"Na wewe si hujui pia, Bibi?"

"Najua la kutosha, msumbufu we! Andika."

Nilimpenda bibi yangu, na kusema kweli mimi mwenyewe niliogopa. Nilimkumbuka Yasin amefungwa ndani ya kitambaa cheupe kifupi. Nikaandika Hapana, na moyo ukatulia kidogo, kana kwamba nimefunga mlango.

Siku ya pili mama alisema limekaza mara tatu. Nikaandika Hapana. Siku ya nne akasema na mgongo unauma. Hapana. Kufikia hapo sikuhitaji tena Bibi kunishika mkono.

Jumanne Nesi Inas alikuja, akapekua kurasa. "Mashallah, shwari kabisa. Hujambo, Mama Sundus?"

"Namshukuru Mungu," mama akajibu, kama kila mtu wa kwetu anavyojibu hata akiwa amevunjika mguu. Halafu akaongeza, "Mengine yote yamo humo daftarini."

"Nimeyaona," nesi akasema, akatabasamu. Mama naye akatabasamu. Nikatoka kwenda kuwapa bata maji, ingawa nilikuwa nimeshawapa.

Ijumaa ya wiki ile, baba akijiandaa kwenda msikitini, mama aliinama juu ya kapu na hakuinuka. Maji yalikuwa yamemwagika. Baba alimbeba hadi kwenye bajaji, na alasiri mdogo wangu alizaliwa mjini, msichana wa kilo moja na kidogo. Baba alimwita Nada, yaani umande. Nilimwona mara moja tu, kwa nje ya kioo, ndani ya mashine ya joto. Alivalishwa soksi kichwani, maana hapakuwa na kofia ya kumtosha. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi upesi. Nilimwambia kwa moyo, "Pumua, Nada, pumua," naye alipumua siku nne. Jumanne asubuhi aliacha.

Alhamisi ingekuwa siku yake ya saba. Kwetu siku hiyo mtoto hulazwa ndani ya chekeche, na kinu hugongwa karibu na masikio yake ili asikie amri ya kuwatii wazazi wake, kila mtu akicheka. Bibi alikuwa ameshanunua kimya kimya gudulia dogo la udongo, lile la mtoto wa kike linalozungushiwa mishumaa, akalificha nyuma ya pipa la unga. Siku hiyo kinu kilikaa jikoni, na Bibi alikaa kando yake amejifunika uso.

Baba alipokwisha kurudi Kairo, Nesi Inas alikuja kutoa pole. Alilia na mama, kisha mama akageukia ukutani, nesi akatoka taratibu. Nilimpa daftari mlangoni.

"Pole sana, Sundus. Umetusaidia mno," akasema akilipekua. "Siku tisa za mwisho, hapana tupu. Basi tutaandika kwamba uchungu ulimjia ghafla, bila dalili yoyote."

Akapanda bajaji. Dereva akawasha. Nilijua kwamba ikikata kona, hakuna atakayejua kamwe. Nilikimbia, nikaushika mkoba wake.

"Nesi, daftari ni la uongo! Lilikaza kila siku. Mama alisema, mimi nikaandika hapana."

Alimwambia dereva azime. Akashuka. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi yeye ndiye wa kuambiwa kwanza. Twende, nitakaa nawe."

Nilimweleza mama nikiwa nimepiga magoti. Sikumtaja Bibi, lakini Bibi alisimama mlangoni akasema, "Msimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kwanza. Nilidhani namlinda."

Mama alimtazama Bibi, akanitazama mimi. "Siku zote zile nilidhani ninasikika," alisema. Afadhali angenipiga.

"Nesi," nikauliza, "ni mimi niliyemuua Nada?"

"Hapana. Ila sitakuficha kitu. Ningejua, ningempeleka mama hospitali mapema, apate dawa ya kuyasaidia mapafu ya mtoto. Labda Nada angeishi, labda asingeishi. Sijui. Mimi pia nilisoma maneno yako nikaacha kumuuliza mama mwenyewe, na hilo nitaliandika."

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha alivuta lile kapu alilokuwa akisuka Ijumaa, akalitazama. Jani moja lilikuwa limerukwa, na mizunguko yote ya juu yake ilikuwa imekwenda upande.

"Hili likikosewa tunafanyaje, Sundus?"

"Tunalifumua, mama. Mpaka pale lilipokosewa."

"Leta kalamu."

Tulikaa wanne. Mama alikumbuka siku baada ya siku, na Bibi akakumbuka aliyoyasahau mama. Nesi alinifundisha kukata kila Hapana kwa mstari mmoja, ili la kwanza lionekane, na kuandika Ndiyo pembeni pamoja na tarehe ya leo. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Tulipomaliza mama akasema, "Sikia, mwanangu. Uliogopa, na woga si dhambi. Lakini neno langu lilikuwa amana mkononi mwako. Anayeandikiwa na mwenzake hana macho mengine ila ya yule anayemwandikia. Usimwandikie mtu tena unachotamani kiwe. Mwandikie kilichopo, hata kikikuumiza, kwa sababu kuna mama asiyetujua atakayetibiwa kwa maneno haya."

Bibi alijifunga mtandio, akaenda nyumba ya tatu kwa Mama Karim, ambaye binti yake alikuwa na mimba ya miezi sita na daftari lenye namba 57. Tulisikia sauti yake ikivuka kuta: "Kila kinachouma kiandikwe! Mnanisikia? Mimi ndiye niliyekataza kwetu."

Aliporudi alilitoa lile gudulia nyuma ya pipa, akalijaza maji, akaliweka nje kwenye kivuli cha ukuta ili kila apitaye na kiu anywe kwa ajili ya Nada. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza nikitoka shule ni kulijaza.